Windows na Android kwenye kishikwambi kimoja: kikisumbua, ubaki na upande upi?

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma. Jumamosi moja alishuka kwenye daladala na kishikwambi chake kimefungwa ndani ya kitenge.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu kitazame hiki kinaumwa nini. Upande wa kompyuta unasema saa nne, upande wa simu unasema saa saba. Halafu nikifungua mtandao upande wa simu kinaniambia si salama."

Upande wa kompyuta ni Windows, upande wa simu ni Android. Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya hayo, kwa hiyo nitayatumia hapa. Ukikiwasha kishikwambi cha aina hii, kinakuuliza uingie upande gani. Shangazi anaandika hesabu za mavuno kwenye Excel upande wa kompyuta, na upande wa simu anaangalia video za kilimo na kupokea picha za wanunuzi.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilelile na watu wengine wawili, mwalimu wa Kondoa na mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma): kikianza kusumbua, nibaki na pande zote mbili, nifute mmoja, au nikiache kabisa? Jibu si moja kwa wote, na wengi wanaopoteza vitu vyao ni wale waliokimbilia kufuta kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Kwanza, hakikisha ndicho hicho ulicho nacho. Neno kishikwambi lilizoeleka midomoni mwetu na Sensa ya Agosti 2022, na baadaye walimu wengi wakagawiwa vile vilivyotumika. Hivyo ni vya Android peke yake, tena ni mali ya serikali. Usivifungue wala kuvibadilisha mfumo. Ninavyovizungumzia hapa vilitengenezwa zaidi kati ya 2014 na 2017 na kampuni kama Chuwi, Teclast, Onda na Cube, vikiwa na prosesa za Intel Atom: Z3735F kwa vya mwanzo, Z8300 na Z8350 kwa vilivyofuata. Kampuni kubwa zilijaribu zikaishia njiani. Samsung walionyesha ATIV Q mwaka 2013 na hawakuiuza, na Asus walitangaza Transformer Book Duet Januari 2014 wakaiweka kando. Aprili 2016 Intel wakaachana na mipango ya prosesa mpya za Atom kwa simu. Kwa hiyo ukikutana nacho leo, ni cha zamani, na mara nyingi kimeshapita mikononi mwa mtu mwingine.

Ugonjwa uko mwilini au kwenye mfumo?

Hapa ndipo kishikwambi cha pande mbili kinapoishinda hata laptopu nzuri, kwa sababu kinabeba kipimo chake chenyewe. Tatizo likitokea pande zote mbili, tafuta mwilini: betri, kioo, tundu la chaji, spika. Likitokea upande mmoja tu, mwili ni mzima na ugonjwa uko kwenye mfumo. Kabla hujampelekea fundi, ingia pande zote mbili, jaribu kitu kilekile, kisha mwambie ulichokiona. Utaokoa pesa yako na muda wake.

Kwa Dodoma, ugonjwa wa mwili unaoongoza ni chaji. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hamna, upepo ni mkali, na vumbi jekundu linajaa kwenye tundu la chaji mpaka waya haukai vizuri. Zima kishikwambi, chukua kijiti cha meno cha mbao, ondoa vumbi taratibu. Usitumie pini ya chuma. Kisha tazama chaja. Vingi vinataka volti 5 na ampea 2 au zaidi, wakati chaja ndogo ya simu ya kitochi hutoa nusu ampea au moja. Kishikwambi kikiwa kimewaka kwa chaja ya namna hiyo, kinakula kuliko kinavyolishwa, na mtu anasema betri imekufa. Waya mwembamba wa bei ya chini huleta shida hiyohiyo hata kama chaja ni nzima.

Kikiwa kimekaa miezi bila chaji hakiwaki mara moja. Kiache kwenye chaja saa kadhaa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hadi 30 bila kuachia. Nimeona vilivyoitwa marehemu vikiamka hivyo. Lakini ukiona mgongo umeinuka au kioo kinasukumwa kutoka ndani, acha kila kitu. Hiyo ni betri ya lithiamu iliyovimba. Usichaji, usibonyeze, usikiache kwenye dashibodi ya gari juani.

Kuna hali ya tatu inayowatisha watu: kioo cheusi chenye maandishi meupe, hakuna upande unaowaka. Ingia kwenye baiosi, ile menyu ya msingi inayotangulia Windows na Android (kwa vingi ni kuchomeka kibodi na kubonyeza Esc au Delete mara kwa mara wakati kinawaka) utazame kama hifadhi ya ndani inaonekana. Ikionekana, kilichopotea ni njia ya kuwashia tu, na hilo linarekebishika. Isipoonekana, chipu ya hifadhi imekufa, nayo imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao. Kuibadilisha kwa kifaa cha umri huu sioni kama kunalipa.

Saa tatu za shangazi

Nilidhani saa na ule ujumbe wa "si salama" ni tatizo moja. Ni mawili, na inafaa kuyatenganisha.

Ndani ya kishikwambi kuna saa moja ndogo ambayo pande zote mbili huisoma. Windows huamini kwamba saa hiyo imeandikwa kwa majira ya hapa. Android huamini imeandikwa kwa majira ya dunia, UTC, kisha inajumlisha saa tatu zetu za Afrika Mashariki. Basi Windows ikiandika saa nne asubuhi, Android inaisoma na kuongeza tatu: saa saba mchana. Ukiwasha intaneti, Android inajirekebisha na kuandika upya ile saa ndogo, na ukirudi Windows unakuta saa moja asubuhi. Ukirekebisha huku, unaharibu kule. Mtu anaweza kuhangaika nayo mwaka mzima.

Dawa ni kuifundisha Windows isome UTC. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa ruhusa ya msimamizi, andika mstari huu mmoja, kisha zima na kuwasha:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Baada ya hapo weka saa sawasawa mara moja tu. Cha shangazi hakijapishana tena.

Ujumbe wa "si salama" ulibaki palepale. Tarehe ingekuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, jambo linaloweza kutokea betri ikifa kabisa, ningeilaumu tarehe, lakini ilikuwa sahihi. Sababu ni kwamba Android yake ni 5.1, ya mwaka 2015. Kila tovuti salama huonyesha cheti, na kifaa hukikubali kama kinamfahamu aliyekitoa. Tovuti nyingi mno hutumia vyeti vya Let's Encrypt, na Android za kabla ya 7.1.1 hazina mzizi wao mpya, yaani cheti mama kinachowatambulisha, kwenye orodha yao. Kulikuwa na daraja lililowasaidia wenye Android za zamani, likaisha muda wake mwaka 2024. Tovuti hizohizo zilifunguka vizuri upande wa Windows siku ileile.

Upande wa simu dhidi ya upande wa kompyuta

Hilo ndilo linaloamua kesi kwa sehemu kubwa. Android ya vishikwambi hivi mara nyingi ni 4.4 au 5.1, na waliovitengeneza hawakuendelea kuileta mpya. Ni nyepesi kweli, inawaka haraka, inalala bila kumaliza betri, na kwa video zilizo kwenye memori kadi, vitabu vya PDF na muziki inafaa hadi leo. Lakini programu zinaihama moja baada ya nyingine. Programu za benki na za pesa za simu ndizo ambazo sitamshauri mtu yeyote aziweke humo hata zikikubali kufunguka, kwa sababu mfumo uliokaa muongo mzima bila kuzibwa matundu si mahali pa namba yako ya siri. Kuna jambo jingine: programu nyingi za Android zimeandikwa kwa prosesa za ARM, na hizi ni za Intel. Ndani yake kuna mkalimani anayejaribu kutafsiri, na kwa programu nzito anachoka, programu inajifunga yenyewe.

Windows ni nzito, haina ubishi. Lakini inafungua tovuti za leo, inaandika barua, inasoma flashi, inazungumza na printa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft walitangaza nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Windows 11 usiiwazie: hizi Atom hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika, na vile vyenye Windows ya biti 32 havina hata toleo la kupandia.

Adui mkubwa wa Windows humu ni nafasi. Kuanzia toleo la 1903 la mwaka 2019, Microsoft walitaka kompyuta mpya ya Windows 10 iwe na angalau GB 32 za hifadhi. Sasa fikiria kishikwambi chenye GB 32 kwa jumla, Android imeshakata fungu lake, na Windows inaishi kwenye kilichobaki. Sasisho likija halienei, linakwama katikati, linaanza upya kesho, na bando lako linaondoka nalo. Mwalimu wa Kondoa alikuwa kwenye mzunguko huo kwa wiki tatu. Kama unatumia hotspoti ya simu, iweke kwenye mipangilio ya Windows kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo (metered connection), ili isipakue makubwa bila ridhaa yako.

Nafasi kidogo unaweza kuirudisha bila kufuta kitu. `compact /compactos:always` hubana faili za mfumo. `powercfg /h off` huondoa faili la usingizi mzito, na papo hapo huzima ile tabia ya Windows ya kuzima nusunusu ili iwake haraka, ambayo ni chanzo cha matatizo unapohamahama kati ya pande mbili.

Basi uchague nini

| | Pande zote mbili | Windows peke yake | Linux (mfumo mwingine, wa bure) |
|---|---|---|---|
| Hifadhi | GB 64 | GB 32 kwa kubana | GB 32 |
| RAM | GB 4 | GB 2 kwa shida, GB 4 vizuri | GB 2 kwa mfumo mwepesi |
| Tachi | kama ilivyotoka kiwandani | ipo ukihifadhi viendeshi (programu ndogo zinazoendesha vifaa) | inategemea modeli |
| Kamera | inafanya kazi | inafanya kazi | usiitegemee |
| Masasisho ya usalama | Windows tu, kwa muda | kwa muda | yanaendelea |

Sikuweka safu ya Android peke yake kwa makusudi. Miaka minane iliyopita ningeiweka ya kwanza. Leo simshauri mtu afute upande unaofungua tovuti abaki na usiofungua.

Kama chako kina GB 64 na RAM ya GB 4, acha pande zote mbili. Huvunji kitu, na kile kipimo cha ugonjwa kinabaki mkononi mwako. Faili zako ziweke kwenye memori kadi, kwa sababu kila upande hauoni vizuri hifadhi ya mwenzake. Nunua kadi ya GB 32 iliyopangwa kwa FAT32, ambayo pande zote huisoma. Kadi kubwa zaidi mara nyingi huja kwa exFAT, na Android za zamani huweza kuikataa. Kumbuka tu FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi haitaingia.

Kama kina GB 32 na RAM ya GB 2 na unakitumia kuandika, nenda Windows peke yake. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo nilipoumia mwenyewe.

Nilimpa fundi mmoja kishikwambi changu cha kwanza akiweke Windows safi. Alikiweka vizuri, kikawaka vizuri, na tachi haikufanya kazi tena. Nilikaa mwezi mzima natumia mausi kwenye kishikwambi. Hakuwa mzembe. Alikifanya kama laptopu, na vifaa hivi si laptopu. Vingi vina chipu ya tachi ya Silead inayohitaji faili dogo, SileadTouch.fw, lililopimwa kwa kioo cha modeli ile. Bila hilo tachi inakufa, na ukiweka la modeli nyingine unagusa kulia inaitika kushoto. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kugusa mfumo, chomeka flashi yenye nafasi, tengeneza humo folda iitwayo viendeshi, na uandike kwa ruhusa ya msimamizi:

`dism /online /export-driver /destination:D:\viendeshi`

Badilisha D kwa herufi ya flashi yako. Tafuta pia SileadTouch.fw ndani ya folda ya Windows uinakili pembeni. Piga picha namba ya modeli na namba ya toleo nyuma ya kishikwambi, kwa sababu modeli yenye jina moja ilitoka kwa matoleo tofauti ndani, na faili la baiosi la toleo jingine linaweza kukiua moja kwa moja. Tazama kama Windows imefunga hifadhi kwa BitLocker, kufuli lake la siri. Kama imefunga, hakikisha unao ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kubadilisha chochote kwenye baiosi. Na chaji ifike zaidi ya nusu kabla ya kuanza, umeme ukikatika katikati ya kuflashi (kuandika mfumo upya ndani ya kifaa) usikukute uko mtupu.

Kama umeamua kurudisha pande zote mbili upya, mpangilio ni Android kwanza, Windows baadaye. Kuflashi Android hupanga hifadhi nzima upya, hivyo anayeanza na Windows ataifuta kwa mikono yake.

Linux namshauri mtu mwenye kibodi, subira, na rafiki wa kumuuliza. Mwanafunzi wa UDOM aliichagua na hajajuta, lakini yeye anasomea kompyuta. Jua mapema kwamba vingi vya Z3735F vina UEFI (baiosi ya kisasa) ya biti 32, hivyo flashi ya kawaida ya Linux ya biti 64 haitawaka mpaka uchague toleo linalobeba kianzishi cha biti 32. Kwa tachi, shukrani kwa watu kama Hans de Goede, mmoja wa watengenezaji wa Linux, kiini cha Linux kina orodha ya vishikwambi vya namna hii na vipimo vya vioo vyake. Tafuta modeli yako humo kabla ya kufuta Windows. Ikiwa haimo, usifute.

Na kuna wakati wa kuacha. Betri imevimba, tundu la chaji limelegea, na RAM ni GB 2: hayo matatu yakikutana kwenye kifaa kimoja, pesa ya fundi iweke kwenye laptopu ya mtumba.

Cha shangazi kilikuwa na GB 64, kwa hiyo tuliacha pande zote mbili. Benki ikahamia kwenye simu yake, Excel ikabaki Windows, faili za mavuno zikaenda kwenye kadi. Wakati anakifunga tena kwenye kitenge akaniuliza, "Na siku nikitaka kumpa mtu, nafuta wapi?"

Nilifurahi ameuliza. Kurudisha Windows mwanzo hakugusi upande wa simu, na kusafisha Android hakugusi upande wa kompyuta. Ingia pande zote mbili, futa kila mmoja kwa nafasi yake, kisha chomoa memori kadi ubaki nayo.